Pikapu Iliyomtosha Wafula

Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda kutazama magari kwenye yadi moja kando ya barabara ya Ngong. Tumekuwa tukibishana kwa muda mrefu, kama wanavyobishana watu wenye watoto na shamba la mbali. Yeye anataka pikapu kubwa, ile ndefu yenye kifua cha fahali. Mimi nataka ya kati, ambayo naweza kuiegesha mjini bila kukusanya watazamaji. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alitutazama mara moja tu akajua ni nani anayehitaji kushawishiwa.

"Madam, hii ya kati iko sawa kabisa, inaingia parking yoyote. Lakini hiyo kubwa, hiyo sasa ni gari ya boma. Kwani mko watu wangapi kwa family?"

Mume wangu akajibu kwamba tuko wanne. Wakati huohuo mfanyakazi mmoja akakunjua turubai jipya nyuma ya ile kubwa ili tuone linavyofunika mizigo, na harufu yake ikanifikia: harufu ya mafuta, vumbi na jua. Nilitoka nje ya lango bila kuaga. Mume wangu alinikuta karibu na mama anayechoma mahindi, nimeshika hindi ambalo sikuwa nikilila, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni joto tu. Yeye ni Mkamba wa Machakos, mtu wa vipimo na hesabu, na katika miaka yote ya ndoa yetu nimemsimulia mambo mengi ya kwetu isipokuwa hili. Naogopa ataniuliza ukweli ni upi, nami sina jibu la kumpa.

Nilikulia Mountain View, katika nyumba ya kupanga yenye lango jembamba. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili na tai, na Mama aliuza vitambaa vya pazia katika stoli moja katikati ya mji. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuja kutoka Bungoma kutibiwa miguu, miguu ikapona, naye akakaa. Katika chumba cha nje, kile ambacho wengine waliwekea makaa na baiskeli, aliishi Anko Wafula, mdogo wake Baba, kitindamimba wa Kukhu.

Mimi ni Naliaka. Jina hilo lilikuwa la mama yake Kukhu, na kwetu Wabukusu ukirithi jina la marehemu unarithi na cheo chake. Kwa hiyo Kukhu, bibi mzee mwenye mvi, aliniita Mayi, maana yake mama. Hakuniita hivyo kwa mzaha. Baba akifungua redio kwa sauti kubwa, Kukhu hakumwambia yeye; alinijia mimi na kunishtakia. "Mayi, mwambie mjukuu wako Simiyu apunguze hiyo kelele." Nami, kimo changu kikiwa chini ya meza, nilikwenda kumwamuru baba yangu mzazi, naye akapunguza. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyelelewa na madaraka makubwa kiasi hicho. Mama alisema nitaharibika, na kwa kiasi fulani niliharibika kweli.

Anko Wafula ndiye aliyelifurahia jina langu kuliko wote. Marehemu Naliaka ndiye aliyemlea, kwa sababu Kukhu aliugua vibaya baada ya kumzaa. Kila asubuhi aliinama na kunisalimia kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mzee, kisha akasahau heshima na kunirusha hewani. Nilipokuwa katika enzi yangu ya umama sikumwita Anko. Nilimwita Wafula kavukavu, kama alivyomwita yule wa kwanza, naye akaitika, "Naam, Mayi."

Kazi yake ilikuwa kusimamisha mahema ya harusi na matanga katika nyumba za watu wenye bustani, leo Muthangari, kesho Kitisuru. Pikapu ya kazini ilimpitia asubuhi, imejaa mahema yaliyokunjwa, naye alipanda juu ya ule mzigo na kulala chali, mikono kifuani, miguu yake mirefu ikining'inia nje. Alikuwa mrefu mno. Hata kitandani miguu ilibaki nje ya blanketi. Nilimwonea wivu. Wenzake walibanana mbele huku yeye akiwa na nyuma nzima.

"Mimi kukaa mbele nimechoka," aliniambia. "Huku nyuma ndio first class, Mayi. Unalala tu, unaangalia mawingu, unafika."

Alirudi jioni akinuka turubai. Harufu hiyo ilikuwa kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye peremende alizoniletea mfukoni.

Kisha akaenda kazini kwenye harusi Kitisuru na hakurudi. Wenzake walisema walimshusha Kangemi wakati wa kurudi, jua likiwa bado juu. Alitaka kutazama viatu vya mitumba halafu atembee nyumbani. Kutoka Kangemi hadi kwetu ni mwendo ambao hata mimi niliumudu nikitumwa dania. Simu yake iliita siku ya kwanza, haikupokelewa, halafu ikazimika. Hiyo ndiyo habari yote. Tangu siku ile hadi leo ninapoandika, hakuna aliyeongeza neno jingine.

Baba alimtafuta. Alikwenda kwenye vituo vya polisi, akaenda hospitalini, na akaenda pia mahali pengine ambapo hakupataja mbele yangu. Akirudi kutoka huko hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alivua viatu kwenye mfereji wa nje akavisugua kwa sabuni ya kipande, halafu akasugua mikono hadi viwikoni, na mezani akakataa nyama. Mimi nilidhani Baba amegundua faida za usafi, kama tulivyofundishwa shuleni, na nikajivuna kwa wenzangu kwamba baba yangu ananawa kuliko baba zao.

Kukhu hakutaka kusikia habari za mahali hapo. Kila jua lilipowaka alitoa blanketi la Wafula, akalianika kwenye kamba, akalipiga vumbi kwa fimbo, akalirudisha. Mtu akimpa pole alimkata kauli. "Pole ya nini? Mtoto wangu ametembea. Wanaume hutembea." Nilimwamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mama yake na hakuwahi kunidanganya.

Ndipo Baba, ambaye miaka yote alisema gari ni ugonjwa wa watu wenye maringo, akatangaza kwamba atachukua mkopo anunue pikapu. Niliruka kwa furaha. Nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu ya kitoto: Anko alichukuliwa na pikapu, basi pikapu ndiyo itakayomrudisha. Nilishangaa tu kwamba watu wazima walichelewa hivyo kulifikiria.

Ubishi ulianzia mezani, kwenye ugali na sukuma. Kulikuwa na pikapu mbili ambazo Baba alikuwa ameziona kwenye yadi moja upande wa Westlands. Moja ilikuwa ya kati, yenye milango minne na viti vya watu watano, nyuma yake fupi. Nyingine ilikuwa kubwa hasa, ya kiti kimoja kirefu mbele, na nyuma yake ndefu kama ukumbi. Mama alitaka ya kati. Angeitumia kupeleka vitambaa mjini, na alishajua ni wapi angeiegesha.

"Baba Naliaka, hiyo kubwa itaingia lango gani? Hili letu? Ama utabomolea landlord ukuta?"

"Nafikiria mahindi," Baba akasema. "Kila Disemba tunaomba watu watubebee mahindi kutoka nyumbani kama maskini."

"Gunia ya mahindi hata ukiisimamisha inasafiri. Gunia haihitaji kulala." Mama aliweka kijiko chini. "Sema tu unachotafuta."

"Natafuta gari."

Kukhu alikuwa akimega ugali. "Hiyo ndogo inakaa watu wangapi?" akauliza.

"Watano, Mama."

"Basi hiyo ndiyo yetu. Sisi ni watano. Wewe, mke wako, mimi, Mayi na Wafula."

Baba aliutazama ugali wake kama mtu aliyeambiwa una mfupa. Hakuumaliza. Mimi niliumaliza kwa niaba yake, na nikawaza kwamba watu wazima hupoteza muda kwa mambo yaliyo wazi.

Leo naelewa ubishi ule. Kwa Kukhu, mwanawe angerudi ameketi, akiegemea dirisha, akilalamika kwamba magoti yanamuuma. Baba alikuwa ameshamwona amelala. Alikuwa ameona mazishi ya watu wa kwetu wanaofia Nairobi, majeneza yakifungwa kwa kamba kwenye keria juu ya magari, au yakichomoza nyuma ya pikapu fupi kama mbao za ujenzi, na aliapa kimoyomoyo kwamba siku atakapompata mdogo wake hatamsafirisha hivyo. Alitaka mlango wa nyuma ufungwe. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitafuta, na hakuweza kulitamka mbele ya mama yake.

Siku ya kwenda kuchagua tulikwenda sote. Kukhu alivaa kitambaa chake cha kanisani na viatu vya ngozi. Zile pikapu mbili zilikuwa zimesimama sambamba, ndogo nyekundu, kubwa nyeupe. Mama alifungua milango yote minne ya ile nyekundu, Kukhu akaketi kiti cha nyuma, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake kwa kiganja, akaridhika. Baba hakuingia ndani ya yoyote. Alitoa utepe wa kupimia mfukoni mwa koti akaenda nyuma.

Muuzaji, mzee mcheshi mwenye kofia, alimcheka. "Bosi, unataka kubeba sofa?"

"Kitu kirefu."

"Kirefu kama nini?"

Baba akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, kama mtu anayeonyesha kimo cha mwenzake. Muuzaji akaacha kucheka. Alivua kofia, akaivaa tena, na akasema kwa sauti ya chini kwamba basi nyeupe ndiyo itafaa.

Mimi sikuona ubaya wowote. Niliona tu kwamba nyuma ya ile nyeupe kulikuwa na turubai lililokunjwa, na kwamba lilinuka Anko. Nikakanyaga gurudumu, nikapanda, nikalala chali juu yake, mikono kifuani, kama alivyofanya yeye kila asubuhi. Mawingu yalikuwepo, vilevile alivyosema. Nilifurahi hata nikaita kwa sauti yangu ya umama, ile ya kuamuru.

"Njooni muone! Wafula atalala hapa! Hapa ndipo pake. Kukaa amechoka."

Nilisikia mlango wa ile nyekundu ukifunguka, halafu viatu vya ngozi vikikanyaga kokoto polepole. Uso wa Kukhu ukatokea juu ya ubavu wa gari.

"Nani amekuambia, Mayi?"

"Yeye mwenyewe."

"Amesema amechoka?"

"Eeh. Anataka kulala, aangalie mawingu, afike."

Kukhu aliushika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Nilimwona akinitazama kama mtu anayemtazama mkubwa wake, na kwa mara ya kwanza cheo changu kikanitisha. Alivua kitambaa kichwani. Mvi zake zilibaki wazi mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akajifunga kitambaa kile kiunoni, kama wanavyojifunga wanawake wa kwetu msibani.

"Simiyu," akasema, "nunua hii. Mayi amesema."

Mama alikuja mbio. "Mama, tafadhali. Huyu ni mtoto. Anacheza."

"Najua ni mtoto, nilikuwepo akizaliwa. Lakini Wafula alilelewa na nani? Mtu akipotea, si atakwenda kumwambia aliyemlea?"

Nilitarajia Baba afurahi, maana alikuwa ameshinda. Badala yake alimshika mama yake mkono, akaanza kubembeleza. "Mama, tungoje kidogo. Tununue hiyo ya watano. Kweli, hata mimi nimeona ni nzuri zaidi. Inaingia lango." Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza. Nimefikiri sana juu ya sauti ile. Ilikuwa rahisi kwake kukata tamaa maadamu nyumbani kulikuwa na mtu mmoja anayetumaini. Sasa aliyetumaini alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, na Baba akabaki hana pa kuegemea.

Tulinunua nyeupe. Haikuingia langoni, kama Mama alivyosema, ikawa inalala kwenye uwanja wa kanisa na Baba akaifuata huko kila asubuhi kwa miguu. Hakuna aliyemtafuta Anko tena. Viatu vya Baba havikusuguliwa tena kwenye mfereji, na blanketi halikuanikwa.

Shule zilipofungwa tukasafiri kwenda Bungoma. Nyuma, chini ya turubai, lilikuwepo sanduku refu jipya la mbao, na mlango wa nyuma ulifungwa vizuri bila shida. Ndani yake Mama alikuwa ameweka blanketi la Anko, shati lake la kazini na mkanda. Niliambiwa ni mahali pa Anko pa kulala, basi nikajua tunampelekea kitanda na kwamba tutampitia njiani. Nilipakatwa na Mama mbele, Kukhu katikati, kitambaa chekundu cha msiba kikipepea kwenye kioo cha upande. Magari yalitupisha. Wanaume waliokuwa kando ya barabara walivua kofia. Nilidhani wanaishangilia pikapu yetu, nikawapungia mkono kama bibi harusi.

Kila tulipokaribia kituo cha biashara nilikaza macho. Naivasha, Nakuru, Eldoret, kote nilimtafuta mtu mrefu aliyesimama na viatu vipya. Tulipopita bila kusimama nilitoa taarifa. "Hapa pia hayupo." Mara ya kwanza Mama alisema, "Nyamaza, mpenzi." Mara zilizofuata alinifunika uso kwa shuka yake, nami nikahisi kifua chake kikitetemeka mgongoni mwangu. Baba aliendesha bila kugeuza kichwa.

Nyumbani wazee walikuwa wamekata mgomba kutoka shambani mwa Kukhu. Hivi ndivyo wanavyofanya watu wetu mwili usipopatikana: wanazika shina la mgomba mahali pa mtu, ili asiendelee kuzurura na waliobaki wasiendelee kusubiri. Waliukata kimo chake, Baba akaonyesha kwa mkono tena. Waliuvisha lile shati, wakaufunga mkanda, wakaufunika blanketi, wakaulaza ndani. Maji ya mgomba yakaloweka kola. Mchungaji alikuja, lakini aliomba kwa kifupi, kama mtu asiyejua anamwombea nani.

Mzee mmoja akaagiza niletwe mbele. Kwa kuwa nilikuwa Naliaka, mlezi wake, mimi ndiye niliyepaswa kutupa udongo wa kwanza. Waliniwekea udongo kiganjani. Nilitazama chini shimoni, nikaona kitambaa cha shati kwenye ufa wa kifuniko, na mgomba mweupe uliochungulia pale ambapo shingo ilipaswa kuwa. Hapo ndipo nilipoelewa tunafanya nini. Nilipiga kelele.

"Huyo si Wafula! Wafula hayuko hapo! Mimi nilikuwa nacheza!"

"Ni yeye, Mayi," akasema mzee kwa upole.

"Si yeye! Hakuniambia kitu! Nilikuwa nacheza tu!"

Walinishika mkono wakanifungua vidole, udongo ukaanguka. Mwanamke mmoja akanibeba hadi jikoni, akanipa chai yenye sukari nyingi, akawaambia wenzake, "Mwacheni, ni mtoto, hajui anachosema." Nina hasira na maneno hayo hadi leo. Nilipocheza waliniita mama, wakanunua gari na kuchimba kaburi. Niliposema kweli nikawa mtoto. Baba hakunitazama. Nadhani alinisikia kuliko wote.

Kabla hatujaondoka wazee waliacha masharti. Ikitokea Wafula akarudi baada ya hapo, asiingie kwa lango, kwa sababu ameshatoka humo kama marehemu. Aje kwa nyuma, asubiri nje, achinjiwe kondoo kwanza. Kukhu alisikiliza na kuitikia. Siku iliyofuata nilimwona ameshika panga, anakata ua wa nyuma, upande wa migomba. Alikata mwanya wa kumtosha mtu mrefu kupita bila kuinama. Hakurudi nasi Nairobi. Kila likizo niliukuta ule mwanya umepaliliwa, haujaota jani, na ng'ombe wa majirani walizoea kuupitia na kumaliza mboga zake. Hakuuziba.

Pikapu nyeupe ilitubebea mahindi miaka mingi. Hakuna aliyeruhusiwa kulala nyuma. Mama alizoea kuegesha dude lile mjini, akawa hodari, na madereva wa teksi walimpigia makofi. Tulicheka, tulikula Krismasi, nilikua. Lakini kuna mambo hayaondoki. Nikiwa mtu mzima, na kazi yangu na gari langu dogo, niliwahi kuiona pikapu ya mahema kwenye Waiyaki Way, na mtu mrefu amelala chali juu ya mzigo, mikono kifuani. Nilikuwa nimechelewa kwenda kazini. Niliifuata hata hivyo, nikaipita njia yangu ya kazini, nikaingia nayo Muthangari, nikipiga honi kama mwendawazimu. Aliinuka akanitazama. Alikuwa kijana wa umri ambao Wafula alikuwa nao wakati ule, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba yeye pia angekuwa amezeeka.

Kukhu aliugua nikiwa nimemaliza chuo. Nilikwenda Bungoma kumuuguza, na mchana mmoja, mvua ikipiga mabati, alinituma nimfungie redio ili tuzungumze. Mwili wake ulikuwa umebaki mdogo sana kitandani. Alinishika kidole.

"Mayi, siku ile kule kwa magari. Ulimwona, ama ulikuwa unacheza?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza. Nilijua majibu yote mawili yangemuumiza. Nikisema nilimwona, mwanawe amekufa kweli. Nikisema sikumwona, basi alimzika mtoto aliye hai, tena kwa mkono wangu. Nilimtazama, nikatafuta usoni mwake jibu analolitaka ili nimpe hilo. Sikuliona.

"Nilikuwa nacheza, Kukhu."

Alifumba macho. Alikaa hivyo hata nikadhani nimemmaliza, nikaanza kulia. Kisha nikasikia akicheka kidogo, kicheko chake kile cha puani.

"Hata mwenye jina alipenda mchezo," akasema. "Usilie. Mimi ndiye ninayekwenda. Nikifika huko nisipomkuta, nitajua yuko hai."

Alifariki wiki hiyohiyo. Kukhu sasa anajua. Sisi tuliobaki ndio hatujui.